Mlango wa Paka Kwenye Ukuta wa Baba

Wanawake wa kanisa la mama kule Matinyani wakikutana nami sokoni, hunishika mkono wa kulia, wanaugeuzageuza, kisha wananiuliza kama ndio ule ule. Nami hucheka nao, nitafanyaje, ya kujitakia hayana kilio. Lakini nikifika kwa mama kicheko chote huniishia pale mlangoni, kwa hiyo leo nitawasimulia yote, si ile nusu ya kuchekesha tu.

Mama anaishi peke yake tangu baba atuache, na macho yake siku hizi yanaona mwanga tu na vivuli. Mwenzake alikuwa paka wa kijivu, jina lake Kavisi (kwetu ni kusema kijana mdogo), aliyelala mapajani mwake na kusikiliza habari zote za kijiji bila kumkatiza, jambo ambalo sisi watoto wake hatuliwezi. Shida ilikuwa mlango. Kavisi akitaka kutoka analia, mama anainuka, anapapasa ukuta, anamfungulia, na akitaka kurudi ndani ni hivyo hivyo, maana mlango wenyewe huwezi kuuacha wazi, nyoka wa huku hawapigi hodi. Siku moja akajikwaa akaanguka, akakaa pale sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Nilipigiwa simu nikiwa saluni kwangu Kitui mjini, nikalia mbele ya wateja, kisha nikaapa kwamba yule paka atapata mlango wake mwenyewe.

Seremala akanitengenezea kijimlango kizuri cha mbao, chenye bawaba juu, paka akisukuma kwa kichwa kinafunguka. Fundi wa kutoboa ukuta akasema atakuja Jumatatu. Sasa, Jumamosi ilikuwa zamu ya mama kupokea fellowship ya akina mama, na mimi (hapa ndipo shetani aliponipata) nikataka wakute kazi imekwisha, waone kwamba Mama Mwende ana binti. Baba alikuwa fundi wa mawe, na mimi nilidhani ufundi unarithiwa kama pua.

"Mwende, si ungojee fundi," mama akaniambia. "Huo ukuta wa baba yako si wa kuchezea."

"Mum, ni kashimo tu kadogo."

Kumbe baba alijenga kuta mbili za mawe, na katikati akashindilia udongo wa kichuguu ili joto la huku lisiingie. Mama alilijua hilo, mimi sikumuuliza. Nilipotoa jiwe la kwanza kwa ndani, udongo ukaanza kumwagika, nikautoa kwa beseni, ukamwagika tena, nikaenda kutoboa kwa nje nikitumaini mashimo yatakutana, na hayakukutana, la nje lilikuwa juu na la ndani lilikuwa chini, na katikati jiwe moja limekwama. Kufikia hapo nyimbo za akina mama zilikuwa zinasikika njiani. Nikafagia haraka haraka, nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, na lile shimo la sebuleni nikalifunika kwa leso.

Mngedhani ningetulia. Walipoketi, kiti cha kiongozi wao, Mama Kalunde, kikawa karibu kabisa na ile leso, na Kavisi akawa mapajani mwa mama kama kawaida yake. Walipofumba macho kuomba nikatoka polepole, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikalala kifudifudi na gauni langu, nikaingiza mkono wote mpaka begani nilisukume lile jiwe moja. Likaachia. Mkono ukapita, ukatokea upande wa pili chini ya leso, na udongo wote wa juu ukaniangukia begani nikashindwa kurudi. Nikawa napapasa huku na huku nitafute pa kushikilia. Nikashika kitu chenye joto.

Kilikuwa kifundo cha mguu wa Mama Kalunde.

"Aiya! Shindwe!" nikamsikia. "Shindwe kwa jina la Yesu!" Na Biblia ikaanza kunishukia vidoleni. Viti vikaanguka, chupa ya chai ikapasuka, wengine wakikemea na wengine wakikimbia, na mimi huku nje nimeubusu ukuta, napiga kelele, "Ni mimi! Ni Mwende!" Walipozunguka na kunikuta nimelala vile, miguu imeelekea migombani, walicheka mpaka wakakaa chini. Walinichimbua kwa mwiko wa ugali.

Mimi pia nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikamkuta mama bado ameketi pale pale, mikono imetulia mapajani, imejikunja kidogo kama imeshika kitu.

"Kavisi amepitia wapi?" akaniuliza.

Alikuwa amepita mlangoni, katikati ya miguu ya watu. Tulimtafuta jioni ile na siku zilizofuata, kwenye mashamba, mtoni, sokoni, tukatangaziwa kanisani. Hakuna aliyemwona. Mama hajanilaumu hata mara moja, na nawaambieni ukweli, ningependa anilaumu. Inaniuma sana. Nilitaka asianguke tena akimfungulia paka, na kweli hajaanguka tena, maana hana wa kumfungulia.

Fundi alikuja Jumatatu, akalinyoosha shimo na kufunga kile kijimlango vizuri kabisa. Baadaye nilimletea paka mwingine, mdogo, wa rangi hiyo hiyo. Mama akampapasa kichwa, akasema, "Huyu ni wa mtu mwingine, mwana wakwa," akampa jirani. Nikamwambia basi tuzibe ule ukuta, vumbi linaingia. Akakataa.

"Ukiziba, akirudi ataingilia wapi?"

Siku hizi sigusi kitu katika nyumba ile kabla sijamuuliza, hata msumari. Lakini jioni upepo wa Matinyani huwa unakisukuma kile kijimlango, kinagonga, na mama hunyamaza katikati ya neno na kusogeza leso yake mapajani, kuandaa nafasi. Sijapata bado namna ya kumwambia kwamba ni upepo.