Neno Nililomtafsiria Mama

Harufu ya michembe inayochemka hunirudisha Cheyo, mjini Tabora, nyumbani kwa dada yangu Neema. Mama alituletea viazi hivyo vitamu, alivyovikausha mwenyewe juani, kila alipopanda treni kutoka kijijini kwetu Goweko. Nguo zake zilinukia moshi wa bani la kukaushia tumbaku, nami nilipenda kulala nimezika pua kwenye kitenge chake.

Nilikuwa darasa la tatu. Dada, aliyefanya kazi ofisini, alinichukua nisome mjini, na kila jioni aliniandikisha maneno matano ya Kiingereza. Niliamini Tabora nzima hakuna mwenye akili kama yeye.

Jumamosi moja, mama akiwa amekuja kututembelea, walikuja wenzake dada wa kazini. Mama akawaletea chai, yuko peku, kanga kiunoni. Mgeni mmoja mwenye miwani akamnong'oneza dada swali kwa Kiingereza huku akimtupia mama jicho. Dada akajibu harakaharaka. Nilidaka neno moja tu: helper.

Hilo nililijua sana. Wiki ile mwalimu alikuwa amenichagua mimi kuwa helper wake, nikawa nabeba madaftari kifua mbele. Basi nikamfuata mama jikoni, nikamweleza kuwa dada amemsifu kwa wageni, amesema yeye ndiye msaidizi wetu. Mama akacheka kwa haya, akaniomba nilirudie.

"Helipa," akajaribu, akijifuta mikono.

Aliporudi sebuleni kukusanya vikombe, yule mwenye miwani, ambaye hata shikamoo hakumpa, akamuuliza kwa Kiswahili, "Dada, kazi hapa kwa Neema umeanza lini?"

Mama akasimama na sinia. Akamtazama dada. Dada alikuwa ameinamia kikombe chake, anakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

"Tangu azaliwe," mama akasema.

Mgeni akafurahi, akasema kumbe ndiye yaya aliyemlea. Mama akaitikia kuwa ndiye.

Alikuwa ameahidi kukaa wiki nzima. Kesho yake akafunga mzigo, akidai tumbaku haina mwangalizi. Dada hakumzuia. Nililia stesheni, nikidhani mama amenichoka, na katika nyumba ile hakukanyaga tena.

Nilikuwa nimeshaingia sekondari siku nilipomsikia dada akilitumia neno lilelile kwa binti aliyetufulia nguo. Hapo ndipo nikaelewa alivyomwita mama siku ile. Nilimchukia dada kwa miaka. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba tusi lile nililibeba mimi mwenyewe hadi jikoni, nikamkabidhi mama kama zawadi, naye hakunisahihisha hata siku moja.

Siku hizi dada huweka picha ya mama mtandaoni na kuandika chini yake maneno marefu, matamu, ya Kiingereza. Mama huniletea simu nimtafsirie. Husikiliza mpaka mwisho, kisha huniuliza taratibu kama nina hakika maneno hayo hayana maana nyingine.