Kiti Nyuma ya Fundi

Mpwa wangu wa kike, dobi wa hospitali, ni mwoga tangu utotoni. Nasema kwa mapenzi, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni kumpitisha penye kuku. Sasa ana miaka thelathini na mbili, anaendesha mashine za kufulia zinazonguruma kama malori, na mlango ukigongwa bado anashika kifua. Mtu huyo ndiye aliyechaguliwa kujifunza kuwasaidia watu wenye hofu! Nilicheka mpaka dada yangu, mama yake, akanifukuza mezani.

Mafunzo yalikuwa ya wiki kumi, kila Jumamosi, kwa wafanyakazi waliojitolea. Si udaktari. Wanafundishwa kukaa na mtu mwenye wasiwasi, kumsikiliza, kisha kuandika naye kwenye karatasi: limetokea nini, wazo gani limekujia, mwili umefanyaje, na ushahidi wa wazo hilo uko wapi. Halafu wazo lenyewe wanalijaribu kwa vitendo, kidogo kidogo. Wanaiita tiba ya fikra na mienendo. Mimi niliishia darasa la sita, la saba nililionea dirishani, lakini nilielewa kuliko darasa lao zima.

"Yaani mnalishtaki wazo," nikamwambia, "na mnadai lilete mashahidi."

Akaliandika hilo kwenye daftari lake. Mnaona?

Mtu wake wa kwanza alikuwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, mabega kama kabati. Miezi minne alikuwa hajagusa kazi. Siku moja akiwa juu ya paa la watu, moyo ulimwenda mbio, macho yakaingia giza, akashuka akijua anakufa. Daktari alimpima mara mbili, kwa mashine na kwa kumkimbiza, akasema moyo ni mzima, arudi kazini. Fundi hakusadiki. Tangu hapo alitembea amebana kifundo cha mkono wa kushoto kwa vidole viwili, anasikiliza mapigo, kama askari aliyekamata mwizi. Mkewe alikuwa ameshamwambia: kuna kazi ya vyuma vya paa, mwenye jengo anasubiri hadi Jumatatu. Akiikataa na hii, hakuna atakayemwita tena.

Basi jaribio likapangwa, mwalimu wao akaliidhinisha. Alhamisi saa nne asubuhi, Fundi angepanda ngazi za hospitali kutoka kwenye chumba cha kufulia mpaka ghorofa ya nne bila kujishika mapigo. Kwenye karatasi aliandika: "Nikipanda, moyo utasimama." Wazo hilo analiamini kiasi gani? Tisini kwa mia.

Asubuhi hiyo mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba, njoo. Uje na kile kiti cha plastiki."

"Cha nini?"

"Wewe njoo nacho tu. Utatufuata nyuma."

"Mwalimu wako anajua?"

Akakata simu.

Tukaanza kupanda. Mbele Fundi, pembeni yake mpwa wangu na daftari, nyuma mimi na kiti kichwani. Ghorofa ya kwanza nilikuwa napiga mluzi. Ya pili mluzi ukanikauka mdomoni. Shati la Fundi lililowa mgongoni, shingoni mshipa unaruka, pumzi inamtoka kama msumeno. Nikawaza: kabati hili likianguka kinyumenyume, wa kuangukiwa ni mimi. Nikarudi ngazi moja nyuma.

"Moyo unaenda mbio kwa sababu unapanda," mpwa wangu alikuwa akisema. "Ndiyo kazi yake." Maneno yalikuwa mazuri, ila daftari alikuwa amelishika juu chini.

Kabla ya ghorofa ya tatu, pale ngazi zinapokata kona, Fundi akasimama. Akageuka. Akaniona.

"Huyu mzee kabeba kiti cha nini?"

Nikamtazama mpwa wangu, naye akatazama daftari.

"Dada, kila siku unaniuliza ushahidi uko wapi," akasema, na vidole vyake vikarudi kwenye mapigo. "Si ule pale, una miguu minne?"

Mpwa wangu akabadilika rangi. Mimi mwenyewe, bingwa wa uongo, nilitafuta uongo wa kumwokoa, sikuupata. Nilisubiri kabati lianguke.

"Kiti si chako, Fundi," akasema hatimaye. "Ni changu. Naogopa utanifia hapa. Nimekosea, hakikutakiwa kuwepo."

Jamani! Nani humwambia mgonjwa hivyo?

Fundi akamtazama. "Unaogopa ngapi kwa mia?"

"Sitini."

"Mimi nimefika themanini na tano." Akajifuta jasho usoni. "Nimekupita kidogo tu."

"Mjomba, weka kiti chini. Ubaki hapo hapo."

Wakaendelea bila mimi. Nilisikia buti za Fundi na kandambili za mpwa wangu, kisha nikasikia kandambili tu, kisha sikusikia kitu. Nikakikalia kile kiti. Mimi, niliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko! Muuguzi akapita, akaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Hapo ndipo nikaona vidole vyangu viwili vimebana kifundo cha mkono wangu.

Juu kikalia kishindo cha chuma.

Sikumbuki nilivyofika ghorofa ya nne. Nilimkuta Fundi amepiga magoti sakafuni, mpwa wangu kaegemea ukuta, daftari liko chini. Nikajua mambo yameisha.

"Nani kachomelea huu upuuzi?" Fundi akafoka. Alikuwa ameshika vyuma vya kushikia kwa mikono miwili, anavitikisa. "Mtu akiegemea hapa anashuka na chuma chake mpaka chini!"

Mikono miwili. Mpwa wangu akanionyesha kwa macho, nami nikafumba mdomo, jambo ambalo kwangu ni adimu. Fundi naye akajiona. Papo hapo vidole vikarudi kwenye mapigo, uso ukaingia kivuli.

"Moyo unapiga kama nyundo," akanong'ona.

"Uache upige. Tutakaa hapa mpaka upungue kasi wenyewe. Achia mkono."

Aliachia kidole kimoja. Baada ya muda mrefu, cha pili.

"Kesho utapanda peke yako," mpwa wangu akasema. "Mimi nitakuwa chini, nafua."

"Wewe utaweza?" Fundi akamuuliza. Akainama kuokota daftari.

Ijumaa nilimkuta mpwa wangu kwenye chumba cha kufulia, mlango wa ngazini kauacha wazi, mashine moja tu inazunguka polepole, naye anakunja shuka moja, analikunjua, analikunja tena. Nilikuwa nimekuja mikono mitupu. Kiti alikuwa kakikataa.

"Usiangalie ngazi, mjomba."

Nyayo nzito zikapita juu yetu. Ghorofa ya kwanza, ya pili. Penye ile kona zikasimama. Mpwa wangu akalikumbatia shuka kifuani, nami nikashika ncha yake. Mashine ilizunguka mizunguko mingi.

Kisha nyayo zikaendelea kupanda, na juu kabisa tukasikia mtu anagonga vile vyuma vya kushikia kwa nyundo aliyokuja nayo mwenyewe.