Nimemwambia Mama sitasomea udaktari

Leo nimemwambia Mama sitakuwa daktari, na hajanifukuza nyumbani.

Vyuo vikuu vitatu vya ng'ambo, vyote vya kutajika, vilinikubali. Viwili kusomea udaktari, cha tatu kusomea samaki. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujibu.

Nikachagua samaki. Kisha nikamfuata Mama ufuoni mwa ziwa hapa Usenge, alikokuwa akianika omena, wale dagaa wadogo.

(Kanisani washaanza kuniita Daktari, jameni.)

Nikamwambia. Akaendelea kugeuza omena wake.

"Kwa hivyo utasomea samaki?"

"Ndiyo, Mama."

"Hawa omena wanapungua, na hakuna mtu ameniambia kwa nini. Enda usome, urudi uniambie."

Nilikaa hapo mchangani nikacheka hadi machozi yakanitoka.

Nyinyi wazazi wenu mliwaambiaje?