Koti la Jumapili Jikoni kwa Mama Mektrida

Fundi anayefunga mabomba ya kuzimia moto kwenye ghorofa letu la zamani hapa Majengo hugonga kila dari mara tatu, kisha huiamkia, "Shikamoo," kwa sababu jengo limemzidi umri. Ndipo atoboe na kupachika kidude cha kunyunyizia maji. Mama Mektrida wa juu kabisa alimruhusu shingo upande.

"Hicho kidude kitanyeshea mtori wangu!"

"Mama, mvuke hakiujali. Kinangoja moto."

Siku ya kufungulia maji, wapangaji wote tulitega mabeseni chini ya vidude. Fundi akayafungulia, kisha akaja amevaa koti lake la Jumapili, akaketi jikoni kwa Mama Mektrida, chini ya kidude chenyewe, akaomba mtori. Sisi mlangoni tulitazama dari, yeye bakuli. Alipolamba kijiko, Mama Mektrida aliondoa beseni, akampakulia tena.