Kiota kilichobaki wazi kinamasini

Leo asubuhi tumesafisha ukingo wa kinamasi mpaka tukamfukuza mwenyeji.

Ilikuwa umuganda, kazi ya jamii ya Jumamosi. Mtaa mzima tulishika mafyekeo, na mimi nikiwemo. Kwa tunavyopenda usafi hapa Kigali, hakuna aliyeuliza kama majani ya kinamasini nayo ni uchafu.

Ghafla umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu, akaruka mbele ya jirani yangu, Mama Aline.

"Musikate tena! Iko mayai hapa!" akapaza sauti Mama Aline.

Yalikuwa matatu, juu ya matete yaliyolazwa. Majani yaliyokuwa yakiyaficha tulikuwa tumeshayafyeka.

Kiongozi wa mtaa akaja mbio. "Basi turudishe majani."

"Shefu, majani imekatwa, utaisimamisha na nini? Na maombi?" akamjibu Mama Aline.

Watu wawili wakacheka.

Tukasogea mbali, tukaanza mkutano wa kufunga kazi. Kiongozi alikuwa akitushukuru kwa usafi, mara akaishia katikati ya sentensi.

Nyuma yake umusambi alikuwa amerudi, analalia mayai.

Taji lake lilionekana mpaka barabarani. Hapo ndipo penye shida. Jana ungepita karibu naye usimwone. Leo kila apitaye anamwona, na mbwa pia.

Mnaokaa upande wa daraja, fungeni mbwa wenu.

Na nani atampokea Mama Aline zamu ya kulinda kiota? Sisi wengine wote tumerudi nyumbani. Yeye bado amekaa pale, fyekeo mapajani.