Gari Langu la Zamani

Niliponunua gari la umeme hapa Kitengela, niliwasumbua majirani kwa majigambo kwamba sitachafua hewa tena. Lile la zamani la dizeli, lililokuwa likitoa moshi kama jiko la kuni, sikulipeleka kwa vyuma chakavu. Kwetu gari halifi, linabadilisha mwenyewe tu. Nilimpa ndugu yangu kule Kajiado. Aling'oa viti vya nyuma, akaanza kubebea makaa.

Jumapili nilienda kumwona mama. Migunga yote nyuma ya boma imebaki visiki, naye alikuwa ameketi juani, pale tulipozoea kupumzika kivulini. Alinishukuru kwa kumpatia ndugu yangu kazi, kisha akauliza kama na hili jipya nitampa nikishalichoka.