Uso Nilioshindwa Kuuchora

Tulikuwa watu watatu, na kila Jumapili alasiri tulikutana katika darasa moja pale Lushoto kuonyeshana picha tulizochora. Mwenye darasa alikuwa mwalimu, Mlutheri mtu mzima, aliyeachiwa kisanduku cha rangi za maji na mama mmoja wa Kizungu alipouza shamba lake na kurudi kwao. Wa pili alikuwa mkunga, mjane wa Kikatoliki kutoka Rangwi. Yeye alipenda pasteli, vile vijiti vya rangi laini kama chaki vinavyosuguliwa kwa kidole mpaka rangi moja iingie katika nyingine. Wa tatu nilikuwa mimi, karani wa boma. Karatasi nilileta mimi: fomu za serikali zilizopitwa na wakati, nyeupe upande mmoja.

Picha iliegemezwa ubaoni, na mwenyewe hakuruhusiwa kusema neno mpaka wenzake wamalize.

"Bwana Karani, ukungu wako ni pamba," mkunga aliniambia siku moja. "Umeubandika juu ya mlima. Ukungu wa huku unatoka ndani ya miti."

Mwalimu akanionyesha namna ya kulowesha karatasi kwanza, kuweka rangi kidogo, kisha kuiacha itembee yenyewe. Niliharibu fomu nyingi. Jumapili niliyofaulu, walisogea ubaoni kuitazama karibu, halafu mwalimu akasema, "Hiyo usiiguse tena." Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi njia nzima.

Watu sikuwachora. Mimi ni Mwislamu, na marehemu baba yangu, aliyenisomesha Kurani kule Vuga, alinikataza kuchora kitu chenye roho. Sikuona uzito wowote katika katazo hilo. Milima ilinitosha.

Mwanzoni mwa masika binti yangu alipata surua. Ikamshukia kifuani, na siku ya tisa akafa. Alikuwa na miaka saba, mtoto wetu wa pekee. Mkunga ndiye aliyempokea alipozaliwa, na mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Mpiga picha alikuwa Tanga, na kila mwaka tulisema tutakwenda baada ya mavuno.

Baada ya arobaini, mke wangu alinijia nikiwa nimeketi uani. Kabla ya msiba aliniita kwa jina la mtoto, baba wa fulani, kama wanawake wote wa kwetu. Sasa aliniita "wewe" tu.

"Wewe," alisema, "uso wake unanitoka. Leo asubuhi nimejaribu kuuona, nimeuona mdomo peke yake. Nichoree."

"Sijawahi kuchora mtu."

"Utajifunza. Si unao wanaokufundisha?"

Nilimfikiria baba yangu kwa muda mfupi sana, kisha nikaingia ndani kutafuta karatasi. Nilichora mlangoni penye mwanga, na kufikia jioni nilikuwa na mtoto wa kutisha, mwenye macho yaliyotoka kama ameshtuliwa na shavu la rangi ya matope. Mke wangu aliitazama picha ile akanirudishia. Nikaanza nyingine.

Jumapili niliegemeza picha nne ubaoni. Wenzangu walikuwa wamezoea kunikosoa bila huruma, lakini siku hiyo walisitasita.

"Semeni," niliwaambia. "Nimekuja ili mniambie."

"Rangi ya ngozi umeichanganya mara nyingi mno," mwalimu alisema polepole. "Imekufa." Akasikia neno lililomtoka, akainamisha kichwa.

Mkunga alichukua picha ya tatu akaisogeza dirishani. "Nyusi hazikuwa hivi. Zake zilikutana katikati."

"Hazikukutana," alisema mwalimu. "Nilikaa naye darasani mwaka mzima. Na macho yalikuwa madogo kuliko haya."

"Madogo? Yule mtoto alikuwa na macho ya bibi yake."

Wakanigeukia ili mimi niamue. Nikafungua kinywa, nikagundua kwamba sijui. Nilikuwa nimembeba mtoto yule kila jioni nikitoka kazini, akiniita "Tate, Tate", yaani baba kwa Kisambaa, tangu njia panda, na sasa sikuweza kusema kama nyusi zake zilikutana au la.

Tangu siku hiyo nilichora kama mtu anayefukuzwa. Asubuhi kabla ya kwenda boma, saa sita wakati wenzangu wakila, Jumamosi nzima. Siku za soko nilishuka Soni kutazama watoto. Nilitafuta kidevu hapa, sikio pale, nikichora haraka kwa penseli nyuma ya magunia ya viazi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kabichi aliona ninavyomkazia macho bintiye, akamvuta nyuma yake.

"Unamtakia nini?" aliniuliza. Nilitia penseli mfukoni. Nikaondoka.

Kila Jumapili mwalimu na mkunga walinisaidia kadiri walivyoweza. Mwalimu alinifundisha kuacha karatasi tupu mahali mwanga unapoangukia paji la uso, na kupitisha buluu nyepesi chini ya rangi ya kahawia ili ngozi ipate uhai. Mkono wangu ulikuwa bora kila wiki. Nyuso zilianza kuwa nzuri, nyuso za watoto hai, wenye akili, ambao ungetamani kuwauliza habari zao. Hakuna aliyekuwa binti yangu.

Mama yangu alipanda kutoka Vuga kututazama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaingia ndani, akaziona picha zimepangwa ukutani. Nilijiandaa kwa maneno makali. Hakuyasema. Alizigeuza moja moja zikatazama ukuta, akaketi mkekani.

"Mwanangu, hawa ni watoto wa nani?"

"Ni mjukuu wako, Mama."

"Simwoni," alisema, na akaanza kulia.

Juma lililofuata mke wangu alikuja mlangoni nilipokuwa nikichanganya rangi, akaushika mkono wangu wenye brashi.

"Acha. Nakuomba uache."

"Nimekaribia. Safari hii mdomo umekaa."

"Nilimwota jana. Amekuja na uso wa kwenye karatasi. Ule mdomo niliokuwa nao, umeniondolea. Kila unapochora, unanichukulia kilichobaki."

Nikataka kumwambia kwamba na mimi ni hivyo hivyo, kwamba nikifumba macho ninaona rangi zangu tu. Badala yake nilikusanya picha zote, tukazitia jikoni pamoja, yeye akizichochea kwa kijiti. Zilikuwa na unyevu, zikatoa moshi mwingi kuliko moto.

Jumapili ile nilikwenda darasani mikono mitupu nikawaambia yaliyotokea, na kwamba sitachora tena. Mwalimu aliondoa miwani akaanza kuifuta, akaendelea kuifuta. Siku chache baadaye mkunga alikuja nyumbani na karatasi iliyofunikwa kwa kitambaa, akaomba kuzungumza na mke wangu.

"Dada, uso wake mimi siukumbuki," alimwambia. "Nilidhani ninaukumbuka, nikamsumbua mumeo bure. Nilichokiona kila asubuhi ni mgongo wake, akipita mbele ya dirisha langu kwenda shule."

Akafunua. Ilikuwa njia nyekundu iliyolowa mvua, na mtoto anayekwenda, amejifunika jani la mgomba kichwani, kisigino kimoja kimeinuka. Nilijikuta nimepiga hatua mbele kana kwamba nitamwita.

Mke wangu aliipokea akaiweka sakafuni penye mwanga.

"Bega la kushoto," alisema. "Lilishuka zaidi. Alikuwa akivuta mguu kidogo akichelewa."

Mkunga akapiga magoti pale pale, akaishusha rangi ya bega kwa kidole gumba.

"Hivi?"

"Kidogo tena."

"Hivi?"

"Hapo."

Wakaendelea hivyo, kisigino, shingo, mkunjo wa gauni, wanawake wawili wameinamia karatasi sakafuni. Mimi nilisimama kando. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Picha ile mke wangu aliiweka ndani ya sanduku la nguo zake. Baada ya mwaka hivi, tukichambua maharage, aliniambia kwamba uso wa mtoto umemrudia, wote, na anauona vizuri. Aliendelea kuchambua, akisubiri nimuulize ulivyo. Sikumuuliza. Wangu haujarudi mpaka leo, na niliogopa kwamba akinieleza, nitaanza tena kuuchora.